Jua na Madoa Yake: Miaka Kumi na Mmoja Isiyolingana

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, tangu zama za mababu, hesabu ya mwaka ilifungamana na upepo. Kaskazi ilianza kuvuma mwezi wa Novemba au Desemba, ikavileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Ilipofika Aprili kusi ikashika zamu, na vyombo vilivyokwisha kupakia boriti na nafaka vikatweka tanga kurejea makwao. Nahodha aliyetia nanga katika Bandari ya Kale alikuwa na yakini kwamba kaskazi itakuja. Hata hivyo, nahodha mwenye akili hakuthubutu kutaja siku itakapofika, wala nguvu itakayokuwa nayo. Mwaka mmoja ilikuja mapema na kwa kishindo. Mwaka mwingine ilichelewa na kuvuma kinyonge. Msimu ni mmoja, lakini kaskazi ya mwaka huu si kaskazi ya mwaka jana.

Jua nalo lina misimu yake, ila misimu hiyo haipimwi kwa miezi, bali kwa miaka. Watu wengi waliosoma wamesikia kwamba madoa ya jua huongezeka na kupungua kila baada ya miaka 11. Neno hilo ni kweli, lakini ni kweli nusu. Asiyeijua nusu ya pili aweza kupotezwa na hesabu, kama walivyopata kupotezwa hata wataalamu wakubwa. Basi yafaa jambo hili lielezwe tangu mwanzo wake.

Madoa ya jua ni nini?

Uso wa jua, ambao joto lake ni kadiri ya nyuzi 5,500 za sentigredi, si safi daima kama unavyodhaniwa. Mara kwa mara hutokea juu yake mabaka meusi, mengine makubwa kuliko dunia nzima. Weusi wake si weusi wa mkaa. Mahali hapo pana joto lipatalo nyuzi 3,500 au 4,000, nalo ni joto kali mno. Lakini kwa kuwa ni pungufu kuliko la pembeni, huonekana peusi, kama taa ndogo iliyowekwa mbele ya taa kubwa. Sababu yake ni nguvu ya sumaku. Mwaka 1908 George Ellery Hale wa Marekani alithibitisha kwamba penye doa pana sumaku yenye nguvu nyingi sana, nayo huzuia joto la ndani lisipande juu kwa wepesi.

Hapa pana onyo ambalo kila mzazi na kila mwalimu apaswa kulikariri. Mtu asilitazame jua kwa macho matupu, wala kwa kioo cheusi cha kawaida, wala kwa darubini isiyo na kinga yake maalumu, kwa maana mwanga wa jua huunguza jicho bila maumivu, na upofu wake hauna dawa. Anayetaka kuiona sura ya jua atoboe tundu dogo katika kipande cha kadi, aupitishe mwanga katika tundu hilo, kisha atazame sura iangukayo juu ya karatasi nyeupe, hali jua amelipa kisogo. Kwa njia hiyo ataona duara la jua, na pengine doa kubwa likiwapo; madoa madogo huhitaji vyombo bora.

Waliohesabu

Wachina waliyaona madoa makubwa kwa macho zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, jua lilipofunikwa na ukungu au vumbi. Huko Ulaya yalianza kutazamwa kwa darubini karibu na mwaka 1610, na miongoni mwa waliotangulia ni Galileo wa Italia na Johannes Fabricius wa Ujerumani. Lakini miaka zaidi ya 200 ilipita kabla ya mtu kutambua kwamba madoa yana majira. Aliyetambua hakuwa mwanafalaki wa serikali, bali muuza dawa wa mji wa Dessau, Ujerumani, jina lake Heinrich Schwabe. Tangu mwaka 1826 alilitazama jua kila siku isiyo na mawingu na kuandika alichokiona. Baada ya kuandika kwa miaka 17 akatangaza kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa muda wa miaka kama 10.

Rudolf Wolf wa Uswisi akalishika jambo hilo na kulitengenezea hesabu ambayo kila karani aweza kuifuata. Huhesabiwa makundi ya madoa, yakazidishwa kwa 10, kisha ikajumlishwa idadi ya madoa yote. Makundi 3 yenye madoa 12 hutoa 42. Siku isiyo na doa hutoa sifuri. Wolf alizipekua kumbukumbu za watazamaji waliomtangulia, akapata kwamba wastani wa mzunguko mmoja ni miaka 11 na kidogo. Mzunguko ulioanza mwaka 1755 akauita wa kwanza, na tangu hapo hesabu haijakatika. Mwaka 1981 daftari hiyo ilihamia Brussels, Ubelgiji, na mwaka 2015 tarakimu zake zilisahihishwa upya.

Wastani si ahadi

Sasa na iangaliwe nusu ya pili ya habari. Wastani wa miaka 11 umepatikana kwa kuchanganya mizunguko mirefu na mifupi, kama mkulima achanganyavyo mavuno ya mwaka wa neema na ya mwaka wa ukame kisha akagawanya. Mzunguko wa 2, ulioanza mwaka 1766, ulichukua miaka 9 tu. Mzunguko wa 4, ulioanza mwaka 1784, ulikawia miaka 13 na nusu. Hata katika siku za karibu, mzunguko wa 23 ulianza mwaka 1996, nao haukwisha mpaka mwisho wa mwaka 2008, yaani miaka 12 na miezi.

Nguvu nayo haifanani. Mzunguko wa 19 ulianza mwaka 1954, na mwezi wa Machi 1958 ukafika kilele cha 285, ambacho hakijapitwa na mzunguko wowote tangu hesabu ianze. Uliofuata ulifika 157 tu, mwaka 1968. Kilele cha mzunguko wa 24, mwezi wa Aprili 2014, kilikuwa 116, pungufu ya nusu ya kile cha mwaka 1958. Na mapema katika karne ya 19 ilikuwapo mizunguko miwili mfululizo ambayo vilele vyake havikuzidi 82.

Katika tofauti hizi ipo kanuni moja iliyoonyeshwa na Max Waldmeier wa Zürich mwaka 1935. Mzunguko wenye nguvu hupanda haraka, na ulio dhaifu hupanda polepole. Ule mkubwa wa 19 ulifika kileleni kabla ya miaka 4 kutimia. Ule dhaifu wa 24 ulichukua zaidi ya miaka 5. Siku njema huonekana asubuhi, na mzunguko wa jua nao hujulikana kwa kupanda kwake. Lakini kanuni hiyo humfaa aliyekwisha kuiona asubuhi. Haimwambii mtu aliye usiku kesho itakuwaje.

Mombasa chini ya jua lisilo na madoa

Ajabu kuliko zote ni miaka ambayo madoa yalikaribia kutoweka kabisa. Tangu mwaka 1645 hata 1715 watazamaji wa Ulaya, wenye darubini nzuri na bidii nyingi, walipata madoa machache mno, na ilitukia mwaka mzima kupita bila ya doa hata moja. Zama hizo zimepewa jina la Maunder, Mwingereza wa Greenwich aliyezichunguza mwishoni mwa karne ya 19.

Watu wa Mombasa waweza kuziweka zama hizo mahali pake katika historia yao. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, kabla ya darubini kuelekezwa juani. Waarabu wa Omani walipoizingira ngome hiyo, tangu Machi 1696 hata ilipoanguka Desemba 1698, jua lililowawakia waliokuwa ndani ya kuta na waliokuwa nje yake lilikuwa karibu halina doa. Je, pepo zilikoma? Hazikukoma. Merikebu za Wareno kutoka Goa na vyombo vya Omani vilikuja kwa pepo zile zile za msimu, na vita vile virefu viliendeshwa kwa kungoja pepo hizo. Jua lilikuwa limebadili tabia yake, lakini kaskazi na kusi ziliendelea na zamu zao.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mwanga na joto ambalo jua hutoa huzidi na kupungua kwa kiasi kidogo sana baina ya kilele cha madoa na uchache wake, yaani kadiri ya sehemu moja katika 1,000. Mtu aliyeketi barazani Kibokoni hawezi kuihisi tofauti hiyo.

Yanayoguswa kweli

Hata hivyo yapo mambo yaguswayo sana, nayo ni yale yategemeayo umeme na sumaku ya anga. Juu sana, kilomita 100 na kuendelea, pana tabaka za hewa zilizotiwa umeme na miale ya jua. Tabaka hizo ndizo zinazoyarudisha chini mawimbi ya redio ya masafa mafupi, hata sauti iliyotoka London ikasikika Mombasa. Madoa yakiwa mengi, tabaka hizo hupata nguvu na kuyarudisha hata mawimbi ambayo katika miaka ya uhaba hupenya na kupotelea angani. Ndiyo maana miaka ya 1957 na 1958 ilikuwa ya neema kwa mawasiliano ya mbali. Lakini neema hiyo ina adhabu yake: mlipuko mkubwa ukitokea juani, redio ya masafa mafupi huweza kunyamaza ghafla katika nchi zilizo mchana, na panapoathirika zaidi ni pale ambapo jua li utosini.

Manahodha wa siku hizi waingiao Kilindini huongozwa na setilaiti. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na katika ukanda huu, baada ya jua kutua hata karibu na usiku wa manane, tabaka za juu hufanya kama mapovu ambayo hutikisa mawimbi ya setilaiti. Mtikisiko huo huzidi miaka ya madoa mengi, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba. Chombo cha kuonyesha njia chaweza kukosea, kwa hiyo baharia mwangalifu haachi kutazama taa za pwani na ramani yake.

Hapa tena wastani waweza kudanganya. Mtu angedhani kwamba mzunguko dhaifu ni mzunguko wa salama. Dhoruba ya sumaku iliyo mashuhuri kupita zote, ya tarehe 1 na 2 Septemba 1859, iliyotia hitilafu katika simu za maandishi za Ulaya na Marekani, ilitokea katika mzunguko wa nguvu ya kati tu. Ile ya Mei 1921 ilikuja karibu miaka 4 baada ya kilele, wakati madoa yalipokuwa yakipungua. Mwezi wa Machi 1989 watu milioni 6 wa jimbo la Quebec, Kanada, walikaa gizani kwa saa 9 kwa sababu ya dhoruba ya namna hiyo. Na Mei 2024 dhoruba nyingine iliwakuta wakulima wa Marekani katika kupanda. Matrekta yao yaongozwayo na setilaiti yakapotea mistari, na wengine wakalazimika kusimamisha kazi. Kwa hiyo wenye kutunza nyaya zipitazo chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa mwaka 2009, hawana ruhusa ya kulala kwa kuwa kilele kimepita.

Funzo la Ziwa Victoria

Swali la mkulima ni moja: je, madoa ya jua yaweza kumwambia mvua itakuwaje? Jibu lake limo katika Afrika ya Mashariki yenyewe. Mwaka 1896, mwaka ule ule ambao reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria, maji ya ziwa hilo yalianza kupimwa na kuandikwa kwa taratibu. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alizilinganisha hesabu za maji na hesabu za madoa, akaona jambo la kushangaza. Madoa yalipoongezeka, ziwa lilipanda. Yalipopungua, ziwa lilishuka. Ulinganifu ulikuwa wa karibu mno, hata ikaonekana kana kwamba ufunguo wa mvua za nchi hizi umepatikana.

Lakini hesabu ile ilikuwa ya mizunguko miwili tu na kitu. Baada ya miaka ya 1920 ulinganifu ulilegea, kisha ukavunjika. Ndipo ikaja mvua kubwa ya mwishoni mwa mwaka 1961. Kilele cha madoa kilikwisha kupita zaidi ya miaka 3 kabla, na jua lilikuwa likielekea kwenye uchache. Lakini ziwa, badala ya kushuka, lilipanda zaidi ya mita 2, na mwezi wa Mei 1964 likafika mita 13.41 kwa kipimo cha Jinja. Mwaka huo huo madoa yalifika uchache wake.

Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Curt Stager wa Marekani walilifungua tena jambo hili, wakasema kwamba mvua kubwa zimeelekea kutangulia vilele vya madoa kwa kadiri ya mwaka mmoja. Huenda upo uzi fulani baina ya jua na mvua. Ila uzi huo, ikiwa upo, si kamba ya kufungia ng'ombe. Mwaka 2019 jua lilikuwa kimya. Zaidi ya siku 270 zilipita bila ya doa. Mwaka huo huo mvua za vuli zilinyesha kwa wingi wa kutisha, mafuriko yakafukuza watu majumbani, na Mei 2020 ziwa likafika mita 13.42, likaipita ile rekodi ya mwaka 1964. Kisha mwaka 2024, madoa yakiwa mengi, ziwa likapanda tena na kuwafurikia walio ufukoni. Ziwa lililopanda jua likiwa kimya na likapanda jua likiwa na madoa tele haliwezi kutabiriwa kwa kuhesabu madoa peke yake.

Mvua za mwaka 1961 na za mwaka 2019 zilikuwa na dalili nyingine, nayo ilikuwa karibu zaidi kuliko jua. Ilikuwa katika bahari ile ile iliyo mbele ya Mji wa Kale. Upande wa Afrika maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita desturi, na upande wa Sumatra yakapoa; hewa yenye unyevu ikakusanyika huku na kumwaga mvua. Bahari hiyo hupimwa kila siku, na Idara ya Hali ya Hewa huitazama kabla ya kutoa habari za vuli.

Uchaguzi wa mwenye busara

Hata wanaolichunguza jua kila siku hawajapata kulishinda. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa mataifa lilitabiri kwamba kilele cha mzunguko wa 25 kitakuwa 115, nacho kitakuja Julai 2025. Jua halikungoja. Kilele cha 161 kilikuja Oktoba 2024, kikubwa zaidi na cha mapema zaidi. Utabiri huo haukuwa wa kubahatisha. Ulitegemea vipimo vya sumaku ya ncha za jua, ambavyo ndivyo dalili bora iliyopatikana hata sasa. Na wenyewe waliutoa pamoja na kiasi cha mashaka yake, kama wafanyavyo watu waaminifu.

Basi mkulima akiambiwa na mtu kwamba mwaka fulani utakuwa wa ukame kwa kuwa madoa yamepungua, au apande mpunga bondeni kwa kuwa yameongezeka, amwulize mambo mawili. Kwanza, hesabu yako ni ya mizunguko mingapi? Pili, mwaka 1964 na mwaka 2020 ilikuwaje? Asiyeweza kujibu asikabidhiwe mbegu za mtu. Faida zaidi ipo katika kutega chombo cha kupimia mvua shambani, kuandika kila asubuhi bila ya kuruka siku, na kusikiliza habari za Idara. Heinrich Schwabe hakuwa na zaidi ya darubini ndogo, daftari na uvumilivu wa miaka 17, na kwa hivyo aliwafundisha wakubwa wa elimu jambo wasilolijua.

Manahodha wa Bandari ya Kale waliifahamu hekima hiyo bila ya tarakimu. Waliamini kwamba kaskazi itakuja, wakatengeneza tanga mapema, wakaweka akiba ya maji na chakula kwa ajili ya mwaka ambao itachelewa. Madoa ya jua nayo yatapungua, kisha yataongezeka tena. Hilo halina shaka. Lini hasa, na kwa nguvu gani, jua lenyewe litasema wakati wake utakapofika.